Majivu Kwenye Bokali la Koko

Koko, mama yake maman, aliletwa kwetu Muhumba, mtaa wa Bukavu kando ya ziwa, akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na mkononi alishika jembe. Wanaume waliompandisha kule kijijini kwake Mumosho walijaribu kumtania ili aliachilie. Mmoja akamwambia, "Koko, kule Muhumba utalima nini? Simenti?" Naye akajibu, "Nitalima mugongo yenu." Wakacheka, wakamwachia jembe lake. Maman aliliegemeza nyuma ya mlango wa chumba, na hapo likabaki.

Daktari alisema mfupa ungeshika, lakini ungeshika kwa safari ya kitandani hadi kitini na ya kitini hadi kitandani. Njia ya kwenda shambani kwake inateremka kuelekea mto Ruzizi, ni kali kiasi kwamba hata mtu mzima wa afya hushuka kwa ubavu. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia kwamba hatarudi. Tulimwambia, baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, tukasema, mvua ikipungua. Kisha akaacha kuuliza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha, mikono juu ya mapaja, viganja vikitazama juu, kama mtu aliyetua mzigo ambaye hajaambiwa aende wapi sasa. Chakula alikionja tu.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo kosa langu halitaeleweka. Nilikuwa nimemaliza sekondari, diploma ya serikali ninayo, na kwa miaka miwili nilikuwa nyumbani bila chuo na bila kazi. Mimi ni mtu wa kurudia. Nikipiga pasi sketi naipiga mara tatu. Herufi moja ikinipotea kwenye daftari, nachana ukurasa mzima. Mtu akinyamaza ghafla tukizungumza, nitatumia siku mbili kutafuta neno gani baya nililisema. Katika kukaa bure huko nilijifundisha kwa simu, video moja moja, kutengeneza bustani ndani ya kioo, ile ambayo Wafaransa huiita terarium. Unaweka kokoto chini, juu yake makala, yaani makaa ya kupikia, yaliyosagwa, kisha kitambaa, udongo, mimea. Unafunga. Maji hupanda kama mvuke, hugusa kioo, hushuka tena, na bustani inajinyeshea yenyewe. Watu hupenda mimea ile. Mimi nilipenda kifuniko. Niliamini kwamba hakuna kitakachoingia humo bila ruhusa yangu.

Basi Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, nikaenda Mumosho. Tonton, kaka yake maman ambaye sasa ndiye anayelima lile shamba, alinishusha hadi chini. Nilichukua udongo wa tuta ambalo Koko alilipenda zaidi. Nilichukua kuvumwani, ule ujani laini unaotanda kwenye mawe ya chemchemi aliyokuwa akioshea miguu kila jioni. Nilichukua mche mmoja mdogo wa kangaga, wenye majani kama manyoya ya ndege, na mmea mwingine ambao sijui jina lake: jani lake ni la kijani juu na jekundu kabisa chini, kana kwamba limeficha tumbo. Nyumbani nilikuwa na bokali kubwa la kioo ambamo mwenye duka wa mtaani kwetu aliweka bonboni, yaani peremende, zamani. Mdomo wake ni mpana, mkono unaingia. Nilipanga na kupangua mara tisa. Ya tisa nikaipeleka.

Koko aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii iko nini?"

"Iko shamba yako, Koko."

"Ulifunga shamba yangu mu chupa sawa pili-pili."

Nilijua angecheka au angelia, na kwa hesabu zangu nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Hakufanya hata moja. Alifungua kifuniko, akaingiza mkono, akabonyeza udongo kwa kidole gumba. Akautoa mkono, akanusa kidole, akakigusisha ulimini.

"Iko yenyewe," akasema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya rozari, alifungua bokali na kubonyeza. "Leo iko na maji mingi." "Leo ipumue kidogo." Alinieleza ni mwaka gani tuta lile lilimpa maharage hadi majirani wakaja kuomba mbegu, na mwaka gani lilimnyima. Akaanza kumaliza sahani yake. Siku moja nilipokuwa naosha vyombo, maman alinikaribia na kusema kwa sauti ya chini, "Usiache ile kintu ikufe. Umenisikia? Usiache."

Nilimsikia. Kuanzia hapo sikulala vizuri tena.

Wiki ya nne nilimwona inzi wa kwanza, mdogo kuliko punje ya mtama, mweusi, akitembea ndani ya kioo kwa utulivu wa mwenye nyumba. Kesho yake walikuwa watano. Kisha nikaona, kwenye vikonyo vya kangaga, vidoa vyeupe kama pamba. Vidoa vile vilikuwa na miguu. Kisha konokono wadogo sana, wenye ganda linalopitisha mwanga, wakala ukingo wa jani lenye tumbo jekundu. Wote walikuwa wametoka Mumosho pamoja na udongo. Mimi mwenyewe niliwabeba kwenye mfuko, nikawafungia ndani, nikawapa joto na maji.

Koko macho yake yana ukungu, lakini inzi mmoja alitoka alipofungua kifuniko, akamgusa shavuni.

"Aka! Bidudu?"

"Kidogo tu, Koko."

"Mu shamba yangu? Miaka yote nililima, hakuna mutu alisema shamba ya fulani iko na bidudu. Leo nimekaa mu kiti, njo bidudu binakuya?"

Alifunga kifuniko mwenyewe. Nilielewa kwamba kwake jambo lile lilikuwa aibu. Shamba lenye wadudu ni shamba la mtu aliyelala, na yeye hakuwa amelala, alikuwa amevunjika.

Maman alitaka tupulizie ile dawa ya mbu tunayotumia sebuleni, mara moja tu, tufunge, yaishe. Nilikataa hadi sauti ikapanda. Koko alikuwa na kifua kibovu tangu ujana wa moshi wa kuni, na kila asubuhi alitia mkono mle na kisha kidole mdomoni. Tena ndani ya udongo ule kulikuwa na vidudu vingine, vyeupe, vyembamba, vinavyoruka, ambavyo kazi yao ni kula uozo. Dawa haiwezi kuchagua.

"Basi utafanya nini?" maman akauliza. "Utabiomba bitoke?"

Nilifanya kila kitu isipokuwa kuomba. Nilikata vipande vya bidoni, lile dumu la njano la maji, nikavipaka vazelini, nikavining'iniza ndani. Inzi hupenda rangi ya njano, wakinasa hawatoki. Nilikata viazi mbatata vibichi, nikavilaza juu ya udongo usiku mzima, na asubuhi nikivigeuza nakuta funza wa inzi wamekusanyika chini yake, wembamba kama uzi, kichwa cheusi. Natupa, naweka vipya. Konokono niliwavuta kwa kipande cha tango. Wale weupe wa pamba niliwagusa mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa pombe. Pombe ya dawa sikuipata, kwa hiyo nilienda kwa mama mmoja wa mteremko wa chini anayeuza kanyanga, nikairudisha nyumbani chini ya sweta, nikiwa nimeinamisha kichwa mbele ya kila mtu wa parokia niliyekutana naye.

Asubuhi Koko alifungua bokali, akarudisha pua nyuma.

"Nani alilewesha shamba yangu?"

Tulicheka sote, hata maman. Lakini mimi nilicheka kwa nje tu. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika kila siku nimeona inzi wangapi. Kumi na wanne. Tisa. Sita. Kumi na moja. Ile kumi na moja iliniliza. Nilianza kufuta kioo kwa ndani mara nne kwa siku. Nilianza kumwambia Koko asifungue asubuhi hii, kwa sababu nimetega. Kesho pia asifungue, udongo unakauka. Aligusa bokali kwa nje, akarudisha mkono mapajani. Niliona, na nilijiambia ni kwa siku chache tu. Nilipigania shamba lake kwa kumtoa yeye shambani.

Jumamosi moja nilienda mazoezi ya kwaya. Niliporudi, bokali lilikuwa jeupe. Si kioo, bali ndani: juu ya kuvumwani, juu ya kangaga, kila mahali, majivu. Koko alikuwa amekaa wima kuliko siku zote, na sahani ya supu yenye majivu ya babula, lile jiko letu la makala, ilikuwa mapajani mwake. Maman ndiye aliyempa, bila kuuliza, kama vile mtu anavyompa mzee chumvi mezani.

"Nilikusaidia," Koko akasema. "Weye unawinda na koton kama docteur. Kwetu tunatia majivu, inaisha."

Na ni kweli kwao inaisha. Kule Mumosho majivu hutiwa kwenye majani ya maharage alfajiri wakati umande upo, wadudu hukimbia, na mchana mvua huyasafisha. Ndani ya bokali hakuna mvua ya kusafisha. Kuna unyevu tu, unaopanda na kushuka palepale. Majivu yakikaa kwenye unyevu yanakuwa maji makali, yaleyale ambayo mama zetu wa zamani waliyachuja kulainishia mboga ngumu. Nilijua hayo papo hapo. Nilijua kwamba kuvumwani ya chemchemi haingemaliza siku tatu.

Nikasema, "Asante, Koko."

Nimejiuliza sana kwa nini. Nilitaka kuamini kwamba ni heshima. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa uso wake. Sikuweza kustahimili kuwa mtu aliyeuzima uso ule.

Jumatatu kuvumwani ilikuwa ya kahawia. Jumanne mche wa kangaga ulilala, vikonyo vyake vikiwa laini kama sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa. Jani lenye tumbo jekundu peke yake lilisimama, kwa sababu lilikuwa pembeni na majivu hayakulifikia vizuri. Koko alipolala baada ya chakula cha mchana, nilitoa vyote vilivyokufa, nikapanda barabara ya juu hadi ukuta wa mawe wa villa moja ya zamani ambako huota kuvumwani nzuri, nene, ya kijani kibichi. Nilipanda ukuta, nikaibandua kwa kisu. Nikairudisha, nikaipanga juu ya udongo, na juu ya majivu pia, maana sikuwa na muda wa kuyatoa yote. Niliipanga vizuri sana. Nakiri jambo hili ambalo sijawahi kulisema kwa mtu: nilipomaliza, nilijisikia fahari. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote.

Koko alipoamka akauliza, "Inaendelea je?"

"Iko muzuri, Koko. Ile majivu ilifanya kazi."

Alibonyeza kwa kidole gumba, juu ya kuvumwani ya Muhumba. Siku hizo hakufika kwenye udongo. Akatabasamu hadi nikaangalia pembeni.

Jumapili ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea shirika, jumuiya ndogo ya sala ya mtaa wetu. Walikuja akina mama sita. Baada ya sala na kabla ya chai, Koko aliomba bokali liletwe katikati.

"Muone shamba yangu," akasema. "Ilikuwa na bidudu. Huyu mujukuu wangu alitafuta dawa mu telefone, alitafuta mu kanyanga, alishindwa. Mimi sikutembea, sikusimama. Nilitia majivu tu."

Akina mama walipiga makofi. Mmoja wao, jirani yetu anayekaanga mikate, yale maandazi ya mafuta, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya ziwa, akanigeukia. "Telefone yako iko wapi sasa? Uiuze, ununue makala!"

Wote wakacheka. Nami nikacheka, na jasho likinitoka kwapani.

"Maman ya huyu mutoto," Koko akaita, "leta ile sahani nibaonyeshe."

Maman akaleta majivu. Koko akachota kwa vidole vitatu, akafungua kifuniko, akapeleka mkono moja kwa moja kuelekea jani lenye tumbo jekundu, kitu cha mwisho kilicho hai kutoka Mumosho.

"Acha!" nikapiga kelele. "Majivu yako njo iliua yote! Hii ya kijani yote iko ya Muhumba! Ya kwako ilikufa, Koko, ilikufa yote, umeiua na majivu!"

Mkono wake ulisimama hewani. Majivu yakateleza kati ya vidole, yakaanguka kwenye kitenge chake. Yule jirani wa mikate aliangalia kikombe chake kitupu. Koko aliiweka ile sahani chini polepole, kwa uangalifu mkubwa, kama ina maji yaliyojaa.

"Kumbe," akasema.

Akina mama walikunywa chai haraka, wakaaga.

Kesho yake hakufungua kifuniko, wala siku iliyofuata. Aliomba maman ageuze kiti chake, kikatazama mlango. Alikula vijiko viwili, akasema ameshiba. Mikono ilirudi mapajani, viganja juu. Ndani ya bokali, kuvumwani ya Muhumba ilianza kugeuka manjano kwa chini, kutokana na majivu niliyoyafunika, na inzi wakarudi, wengi kuliko mwanzo. Sikuandika tena kwenye daftari.

Maman hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, akichambua maharage uani, "Mimi nilimupa ile majivu. Weye ulimupa ile furaha. Sasa sijui nani kati yetu aende kumuomba musamaha."

Niliomba msamaha Jumatano asubuhi. Nilikaa sakafuni mbele ya kiti chake, nikasema maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha. "Koko, unisamehe. Nilikupandishia sauti mbele ya batu."

"Sauti?" akasema. "Watoto wangu wote bananipandishia sauti. Sauti haiui. Majivu nilitia mimi. Kama iliua, iliua, nililima miaka mingi, nimeshaua mashamba mbele ya hii." Akanitazama, au alitazama mahali uso wangu ulipokuwa. "Nilikuuliza inaendelea je. Uliniambia nini?"

"Nilisema iko muzuri."

"Uliniacha nijisifu. Niliita batu, nikajisifu na majani ya ukuta ya batu bengine. Ile bidudu haikunipatia haya. Weye njo ulinipatia haya."

Nililia tu, kwa namna isiyopendeza.

"Jumapili," akasema, "weye utasema. Mbele yao. Ulisema yangu, sasa utasema yako."

"Ndiyo, Koko."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyesimama ukingoni mwa tuta akikunja mikono ya nguo:

"Ile majivu iko juu, ao iliingia?"

Nilienda nikafukua kwa kijiko. Yalikuwa juu, tabaka jeupe kama ganda, si nene kuliko pingili ya kidole. Chini yake udongo ulikuwa mweusi kama nilivyoutoa. Nilimwambia.

"Toa ile ganda. Ile majani ya ukuta, toa. Ile yenye tumbo jekundu, iweke mu boite ya tomate, kando. Udongo yote yenye inabakia, leta mu lungo."

Lungo ni ule ungo wetu wa kupepetea na kuchambulia nafaka, na boite ya tomate ni kopo tupu la nyanya. Nilisita. Kila kitu nilichojifunza kilisema usifungue, usivuruge, tega, subiri. Kumwaga bustani yote ilikuwa kukubali kwamba imeshindikana. Lakini nilikuwa sina tena haki ya kukataa. Nilimtoa Koko uani penye jua, nikageuza bokali juu ya lungo, udongo wa Mumosho ukashuka kwa uzito, na inzi wakaruka kama vumbi jeusi, wakaenda zao.

Koko aliweka lungo mapajani, akatandaza udongo kwa kiganja. Kisha vidole vyake vikaanza. Nimeviona vidole hivyo vikichambua maharage na mchele tangu nilipokuwa mdogo, haraka, bila macho, kidole cha shahada kikisukuma, gumba likitupa nje. Ndivyo alivyofanya. Funza, nje. Konokono, nje. Vijiyai vidogo vyeupe vya konokono, ambavyo mimi na simu yangu hatukuwahi kuviona, alivihisi kwa ncha ya kidole na kuvitoa pembeni kwa ajili ya kuku wa jirani. Punje za makala aliziacha. Nilikaa kando yake na koleo langu dogo la chuma, nikachukua funza mmoja kila baada ya dakika.

"Weka ile chuma," akasema. "Mungu alikupa vidole ya nini?"

Nikaweka koleo. Kwa kweli nilichukia kugusa. Funza ni baridi na anajikunja. Lakini nilichambua.

Tulifanya hivyo Jumatano, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, kila asubuhi saa ambazo jua la Bukavu hutoka kabla halijabadili mawazo. Mvua ikianza, nakimbiza lungo ndani. Udongo ukakauka, ukapauka, na funza waliobaki wakafa wenyewe, maana hawaishi penye ukavu. Kwenye ile boite ya tomate nilikagua jani lenye tumbo jekundu, nikawatoa wale weupe wa pamba kwa kucha zangu. Koko alikula. Ijumaa aliomba aongezewe.

Lakini Jumapili ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, nikaichana, nikaandika tena. Mara ya sita nikaacha.

Shirika lilikuwa kwa jirani wa mikate, mita chache kutoka kwetu. Nilidhani Koko angebaki nyumbani. Alisema abebwe na kiti chake, na lungo lake lije. Akawekwa katikati ya akina mama wale wale sita, udongo mapajani, wakati wa sala yote. Baada ya sala akanyanyua kidevu upande wangu.

Nilisimama. Nilisema kwamba siku ile Koko hakuwadanganya. Nilisema kwamba majivu yaliharibu bustani na mimi nilijua siku ileile, nikanyamaza, nikabandua majani ya ukuta wa villa nikayapanda ili aamini, na nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba yamefanya kazi. Nilisema alijisifu kwa sababu mimi nilimdanganya, na kwamba nilimwaibisha mara mbili, kwanza kwa uongo na kisha kwa ukweli. Kisha nikakaa. Haikuwa hotuba nzuri. Nilisahau kuomba msamaha, ikabidi nisimame tena kulisema hilo.

Jirani wa mikate alinigeukia.

"Ulipanda ule ukuta wa villa? Mutoto muzima, na sketi?"

"Ndiyo, maman."

"Na mbwa yao?"

"Alikuwa amelala."

Akatikisa kichwa. "Bwana alikusamehe kitambo. Vinginevyo ule mbwa angeamuka."

Hawakucheka kwa nguvu. Mmoja alinigusa goti, akaacha mkono wake hapo kidogo. Kisha wakaanza kuzungumza mambo ya ubatizo wa mwezi ujao, na nikaona kilichotokea bila mtu yeyote kukipanga. Mama aliyekaa karibu na Koko, huku anaongea, mkono wake ulishuka kwenye lungo. Hakuna mwanamke wa kwetu anayeweza kukaa kando ya lungo na mikono yake ikatulia. Akatoa kijiwe. Aliyefuata akavuta kiti. Muda si mrefu walikuwa wanne, vichwa vimeinama pamoja, wakichambua udongo wa Mumosho kama maharage ya harusi, na ubatizo ukiendelea kujadiliwa juu ya vichwa vyao.

Koko alisikiliza vidole vyao kwa vidole vyake. Ghafla akamshika mmoja kifundo cha mkono.

"Unatupa nini?"

"Yai ya konokono, Koko."

"Lete." Akaisugua kati ya gumba na shahada. "Hii si yai. Hii iko mbolea ya mbuzi, ya mwaka gani sijui. Rudisha."

Akarudisha.

"Na weye kule, pole pole. Unasukuma sawa mutu anafukuza kuku. Hii shamba iko na mwenyewe."

"Tunakusaidia, Koko!"

"Nimeona. Sasa musaidie muzuri." Kisha, bila kugeuka, akaniita mimi, mwanangu, kwa lugha ya kwao. "Mwana wani. Kaa hapa, kushoto yangu. Hao hawajui."

Nikavuta kiti changu.